Ahadi Isiyoandikwa: Junju, Viwanda na Ajira

Wadi ya Junju, katika eneobunge la Kilifi Kusini, ina karibu kila kitu anachotafuta mwenye kiwanda. Barabara kuu ya Mombasa–Malindi inaikata, bandari ya Mombasa haiko mbali, ardhi ni tambarare hadi ufuoni, na chini ya udongo kuna mwamba wa chokaa wa kuchimbwa vizazi kwa vizazi. Halafu kuna vijana wengi wasio na kazi, ambao hawakosi kutajwa na mwanasiasa yeyote anayeupigia mradi debe. Vipingo, ndani ya wadi hiyo, tayari ina kiwanda cha saruji, shamba la mkonge la enzi za ukoloni, uwanja wa gofu wenye nyumba za kifahari, na maelfu ya ekari ambazo mwenyewe anazinadi kwa wenye viwanda vijavyo. Kuuliza kama viwanda vije Junju au visije ni kuchelewa. Cha kuuliza ni vinamwachia nini mtu aliyekuwapo kabla ya ua kuwekwa.

Mabishano yenyewe yana sura inayojulikana Pwani nzima. Mkutano huitishwa chini ya mwembe au kwenye uwanja wa shule, naibu wa chifu akiwa mezani pamoja na wageni. Mtu wa kampuni hutaja mamilioni yatakayowekezwa na kazi zitakazopatikana. Kijana wa bodaboda husimama kuuliza kazi zinaanza lini. Mama mwenye shamba la muhogo huuliza vumbi litaelekea wapi wakati wa kaskazi na wapi wakati wa kusi. Mzee huuliza kaburi la babake litakuwa ndani ya ua au nje. Wanajibiwa kwa heshima, wanagawiwa soda na nauli, wanasaini karatasi ya mahudhurio, na karatasi hiyo ndiyo baadaye huwa ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa.

Nionavyo mimi, mjadala huu unapotea pale unapofanywa kuwa ugomvi wa maendeleo na mazingira. Wengi wanaopinga wanataka kazi, na wengi wanaounga mkono wanavuta vumbi lile lile. Wanachopishana ni imani yao kwa ahadi, na ahadi yenyewe ina kasoro ambayo hakuna upande unaoisema vya kutosha. Ardhi ina hati miliki yenye ekari zake. Msamaha wa kodi una sheria yenye vifungu. Uchimbaji una leseni yenye ramani na muda wake. Maji yana mita. Ni kazi peke yake inayoahidiwa kwa mdomo. Mwananchi anatakiwa atoe vitu vilivyoandikwa apewe kitu kisichoandikwa, na akisita anaitwa adui wa maendeleo.

Tuanzie kwenye ardhi, maana Pwani hakuna hesabu ya ajira isiyopitia hapo. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilifungua mlango wa kusajili ardhi ya ukanda wa pwani wa maili kumi kwa majina ya watu binafsi. Walioingia mlangoni walikuwa walowezi, wafanyabiashara na koo kubwa za Waarabu na Waswahili. Wamijikenda wengi, waliokuwa wakilima na kuhamahama kwa taratibu zao, walibaki bila karatasi. Jirani hapo Takaungu, ardhi ya ukoo wa Mazrui iliwekewa sheria yake mwaka 1914, Bunge likaifuta mwaka 1989, na mwaka 2012 mahakama ikaamua kwamba kufutwa huko kulikiuka Katiba. Sheria zikija na kuondoka, watu waliozaliwa pale waliendelea kuitwa maskwota.

Vipingo ikawa nchi ya mkonge. Na kama kuna kisa kimoja kinachoonyesha thamani ya ardhi ile ilikuwa wapi, ni kile cha kampuni ya REA Vipingo, iliyokuwa imeorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 2013 wenye hisa wakuu walitaka kuwanunua wenzao wadogo kwa shilingi 40 kwa hisa. Washindani wakajitokeza, kampuni ya uwekezaji ya Centum miongoni mwao, na bei ikapandishwa hatua kwa hatua hadi ikafika shilingi 85. Mkonge haukuwa umeongezeka bei maradufu kwa miezi hiyo. Kilichokuwa kikinadiwa ni ardhi iliyo chini ya mkonge. Mwishowe shughuli ya katani ikabaki na wenyewe, na Centum ikaondoka na zaidi ya ekari 10,000 za Vipingo, ambazo tangu hapo imekuwa ikizipangia mji mpya, makazi na eneo la viwanda. Mnada ulifanyika Nairobi kati ya watu waliojua wanachonunua. Aliyekuwa akikata majani ya mkonge pale Vipingo hakuwa na hisa wala kiti.

Historia ya kazi nayo ina jeraha lake. Utumwa ulipoondolewa kisheria Pwani ya Kenya mwaka 1907, wenye mashamba walikosa watu, na serikali ya kikoloni ikawageukia Wagiriama. Ofisa wake Arthur Champion alitumwa kukusanya kodi na kutafuta vijana wa kwenda mashambani. Mwaka 1913 mwanamke wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza, akawaapisha watu wasitoe kodi wala vijana, na mwaka 1914 ikawa vita. Wagiriama walikuwa na sababu nzuri za kukataa: walikuwa na nafaka yao, biashara yao, na hawakuona kwa nini waende kumlimia mwingine kwa ujira duni. Serikali ilisoma kukataa huko kuwa ni uvivu. Neno hilo halijafa. Hadi leo ukiuliza kwa nini kiwanda fulani kimeleta vibarua kutoka mbali, utajibiwa na mtu asiyeona haya kwamba watu wa hapa hawapendi kazi, ilhali alfajiri hiyo hiyo wako getini kwa makumi wakiomba kazi ya kubeba mifuko.

Mashamba ya mkonge yalijaza pengo kwa kuleta watu wa mbali, na wajukuu wao wapo Vipingo hadi sasa. Wengine hawajui kwao kwingine. Hapo ndipo kauli ya "kazi kwa wenyeji kwanza" inapokwama. Mwenyeji ni nani? Mchonyi wa Junju ndani, ambaye ukoo wake uko pale kabla ya hati yoyote? Mjukuu wa mkata mkonge kutoka magharibi ya Kenya, aliyezaliwa katika kambi ya shamba? Mvuvi wa Kuruwitu? Aliyehamia Mtwapa juzi na kitambulisho chake kinasema Kilifi? Pwani imeona madhara ya kujibu swali hili kwa ghadhabu. Likoni mwaka 1997 watu wa bara waliuawa na kufukuzwa, na miaka kumi na kitu baadaye vuguvugu la MRC, lililotaka Pwani ijitenge na Kenya, lilipata wafuasi wengi kwa kuunganisha ardhi na ukosefu wa kazi kuwa kilio kimoja. Kampuni inayojibu swali la wenyeji kwa kukaa kimya haiko upande wowote. Inamwachia foromani ajibu, na foromani hujibu kwa simu ya binamu yake.

Sasa kiwanda chenyewe. Mombasa Cement, watengenezaji wa saruji ya Nyumba, wako Vipingo kwa sababu ya chokaa. Saruji huanzia timboni. Mwamba unalipuliwa au kukwanguliwa, unasagwa, unachanganywa na udongo wenye madini yake, kisha unaingia kwenye tanuri la joto la nyuzi 1,450 hivi, unatoka ukiwa vipande vigumu vyeusi viitwavyo klinka. Klinka ikisagwa na jasi kidogo ndiyo saruji. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka tozo ya asilimia 17.5 kwa klinka inayoagizwa nje, na tangu hapo mwenye tanuri na mwamba wake nchini yuko mahali pazuri zaidi kuliko mwenye kinu cha kusaga tu. Kwa hiyo shinikizo la kuchimba Pwani halitapungua.

Lakini tazama ni nani anayehitajika katika mchakato huo. Tanuri huendeshwa na watu wachache walio mbele ya skrini. Timboni kuna mitambo na madereva wake. Maabara ina wanakemia. Fundi umeme, fundi mitambo, mhandisi, mhasibu: hizo ni kazi za kudumu, zinahitaji vyeti, na idadi yake ni ndogo ukilinganisha na fedha zilizozikwa pale. Kinachobaki ni mwisho wa mstari, kufungasha na kupakia, na huko ndiko kijana wa Junju asiye na cheti anakoingilia.

Anaingilia hivi. Saa kumi na moja alfajiri, nje ya lango la kiwanda chochote cha ukanda huu, utakuta kundi la wanaume, kila mmoja na kitambulisho mkononi. Mwanamke ameweka beseni la mahamri na sufuria ya mbaazi kando ya barabara, anauza kwa mkopo kwa anaowajua. Lango dogo linafunguliwa, foromani anatokeza, hasalimii, ananyoosha kidole: wewe, wewe, wewe mwenye fulana nyekundu. Waliochaguliwa wanakabidhi vitambulisho na kuingia. Waliobaki wanangoja kidogo, pengine mtu atazimia ndani au lori la ziada litafika. Kufikia saa mbili wametawanyika. Aliyeingia atabeba mifuko ya kilo 50 mgongoni hadi lori lijae, atalipwa kwa siku au kwa idadi ya mifuko, na kesho atarudi kusimama pale pale kunyooshewa kidole upya. Akiumia mgongo hakuna daftari linaloonyesha kwamba alikuwa mfanyakazi wa mtu.

Sheria inalijua jambo hili vizuri. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotarajiwa kuisha ndani ya miezi mitatu, ajira yake inageuka kuwa ya mkataba, na haki zake zinabadilika: likizo, notisi, siku ya mapumziko yenye malipo. Njia ya kuikwepa ni ya zamani. Kampuni haiajiri kibarua. Inampa kazi kontrakta wa vibarua, kontrakta anawazungusha watu kabla siku zao hazijatimia, na jina la kijana linatoka kwenye orodha moja na kuingia nyingine. Karatasi zikija kukaguliwa, kiwanda kina wafanyakazi wake wachache wenye mkataba, kontrakta ana watu wapya kila msimu, na kijana aliyebeba saruji miaka sita hana hata siku moja ya kuthibitisha.

Ndiyo maana tarakimu inayotangazwa mkutanini haina maana mpaka ivunjwevunjwe. Ndani yake mna kazi za ujenzi, ambazo huisha jengo likisimama. Mna kazi za kudumu. Mna vibarua. Mna kile kinachoitwa ajira zisizo za moja kwa moja, ambamo huhesabiwa dereva wa lori, muuza soda na yule mama wa mahamri, ingawa yeye hakuna mtu aliyemwajiri wala kumpa hata kivuli cha kukalia. Vyote hivyo hujumlishwa ikapatikana namba moja tamu. Kwangu mimi, namba isiyosema ni kazi za muda gani, kwa mshahara upi na kwa cheti kipi, haifai hata kubishaniwa.

Viwanda vijavyo huenda visiwe vya saruji. Sheria ya Maeneo Maalumu ya Kiuchumi ya 2015 inampa mwekezaji kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka 10 ya mwanzo na asilimia 15 kwa 10 inayofuata, badala ya ile ya kawaida ya asilimia 30. Hiyo ni pesa ya umma inayoachwa kwa jina la ajira, na kwa hiyo umma una haki ya kuuliza ajira zipi. Kiwanda cha nguo huajiri mamia ya wanawake kwa cherehani, wakikaa kwenye mistari kuanzia asubuhi hadi jioni. Kiwanda cha chuma huajiri wachache kwa umeme mwingi. Kiwanda cha kusindika matunda kinamhitaji mkulima wa nje ya ua kila siku. Vyote vinaitwa viwanda na vyote vinapata nafuu ile ile ya kodi. Junju ikiambiwa tu kwamba "viwanda vinakuja", haijaambiwa kitu.

Kilifi haihitaji kwenda mbali kutafuta mifano, imejaa yake. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilijengwa miaka ya 1970 na kikafa mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya ubinafsishaji uliokwenda mrama. Watu wazima wa kaunti hii wanakizungumzia kwa huzuni ambayo sijawahi kuisikia kwa kiwanda cha saruji, na sababu ni ya kiuchumi, si ya mapenzi tu. Malighafi ya korosho ilikuwa juu ya miti ya watu. Mwenye mikorosho mitano Chonyi au Ganze alikuwa sehemu ya kiwanda bila kuvuka lango lake. Kilipofungwa, madalali wakaingia vijijini kununua korosho mbichi kwa bei yao, hadi serikali ikapiga marufuku kuuza nje korosho zisizobanguliwa mwaka 2009. Malighafi ya saruji iko chini ya hati ya mtu mmoja. Mwananchi hawezi kumuuzia kiwanda kitu ila mgongo wake.

Kaskazini ya kaunti, Magarini, kuna mashamba ya chumvi yanayotoa sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikaa Malindi kusikiliza malalamiko ya watu wa Gongoni, Marereni na vijiji jirani, na ripoti yake ikafuata mwaka 2006. Yaliyosemwa pale ni kama orodha ya hofu za Junju: watu walioondolewa kwenye ardhi, visima vilivyoingiwa na maji ya chumvi, njia za kwenda baharini zilizofungwa, na kazi ya kibarua isiyo na viatu wala glavu ndani ya maji makali. Kampuni zilikuwa na majibu yake. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba miongo kadhaa ya chumvi iliondoa umaskini wa Magarini.

Owino Uhuru, Mombasa, ni mfano mkali zaidi, na sipendi unapotumiwa kutisha watu kuhusu kila bomba la moshi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi pale kuanzia 2007 hadi 2014, ubavuni mwa nyumba za watu, na risasi ikaingia kwenye damu ya watoto na wafanyakazi. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa na kiwanda hicho kabla mwanawe hajaugua na kabla hajakigeuka. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na ilibidi kesi ifike hadi Mahakama ya Juu, Desemba 2024, ndipo haki yao ithibitishwe. Waliokuwa wakivuta risasi ndani na waliokuwa wakivuta nje walikuwa majirani, mara nyingine ndugu. Hapo hoja ya kwamba wenye kazi na wenye kulalamika ni makundi mawili inavunjika.

Upande wa pili wa mizani weka Kwale. Mgodi wa Base Titanium ulichimba kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi Desemba 2024. Una lawama zake, lakini ulifanya jambo moja ambalo Junju ingefaa kuliiga bila aibu: uliweka ngazi za ukaribu katika ajira. Vijiji vilivyopokea mgodi kwanza, kisha eneo linalozunguka, kisha kaunti, kisha nchi. Swali la nani mwenyeji lilijibiwa kwa ramani, wala si kwa kabila. Kwa upande wa mrabaha mambo yalikuwa mazito. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya pale, na miaka mingi ilipita watu wakiisubiri ile kumi. Kisha mchanga wenye madini ukaisha, mitambo ikazimwa, na watu waliokuwa na mishahara mizuri wakarudi kutafuta kazi katika kaunti isiyo na mgodi mwingine. Hata kazi nzuri ina tarehe ya mwisho, na ni afadhali itajwe mwanzoni.

Mazingira ni upande mwingine wa ajira, ingawa kwenye mikutano huwekwa kwenye ukurasa wake peke yake. Pale Kuruwitu, wavuvi walipoona samaki wamekwisha, waliamua mwaka 2005 kufunga hekta 30 hivi za bahari yao wasizivue kabisa. Lilikuwa eneo la kwanza la aina hiyo nchini Kenya kutengwa na jamii yenyewe. Matumbawe yakapata nafuu, samaki wakaanza kumwagika kuingia maji ya nje, wageni wakaja kuogelea na kulipa. Kazi hizo hazijatangazwa na waziri yeyote na hazina kofia ngumu ya njano. Udongo wa timbo ukiteremka na mvua hadi kwenye matumbawe, kazi zinazopotea hakuna mtu wa kuziandika kwenye ripoti, kwa kuwa mvuvi hana barua ya ajira. Hali kadhalika mama anayeponda kokoto, mkulima wa mahindi ya masika, mkwezi wa mnazi na msuka makuti. Ukihesabu kazi zinazokuja bila kuhesabu zinazoondoka, umefanya hesabu ya duka linaloandika mauzo na kusahau manunuzi.

Maji ni mfano mwingine. Maji ya bomba ya ukanda huu hutoka Baricho, kwenye Mto Sabaki, yakasafiri kupita Kilifi kuelekea Mombasa. Wakazi walio kando ya bomba hilo wamezoea mifereji mikavu, na visima vya karibu na bahari huwa na chumvi. Mradi wowote unaosema utatumia maji useme pia unayatoa kwa nani.

Taratibu za kuuliza haya zipo, tena ni nzuri kuliko zinavyotumiwa. Kanuni za tathmini ya athari za mazingira za mwaka 2003 zinataka angalau mikutano mitatu na watu watakaoguswa, mabango mahali pa wazi, tangazo kwenye gazeti la nchi nzima, na tangazo redioni kwa lugha rasmi na lugha ya mahali. Ripoti yenyewe ikishawasilishwa kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, tangazo huwapa watu siku 30 za kutoa maoni. Kwa vitendo, ripoti huwa kurasa mamia, kwa Kiingereza cha wataalamu, na nakala iko ofisini Kilifi mjini. Mtu wa Junju apande matatu, aombe kuiona, asome kwa siku moja, arudi aandike. Wachache hufanya hivyo, na uchache wao huchukuliwa kuwa ni kukubali.

Lamu ilionyesha kwamba mlango huo ukisukumwa hufunguka. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulikuwa na leseni, wawekezaji na baraka za serikali. Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni hiyo, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa kikweli: walifanyiwa mikutano ya mwanzo, lakini ripoti yenyewe hawakuelezwa. Uyombo, huku huku Kilifi, watu waliukataa mtambo wa nyuklia kwa maandamano, mwaka 2024 wakakabiliana na polisi, na baadaye serikali ikaelekeza macho Siaya. Njia hizo mbili zimefanikiwa kuzuia. Kuzuia si sawa na kupata kazi. Junju, ambayo viwanda viko ndani yake tayari, inahitaji kitu kigumu zaidi ya "hapana": kukubali kwa masharti yanayoweza kudaiwa mahakamani.

Kuna jambo la ajabu kuhusu wadi hii. Wanasayansi wa malaria duniani wanalijua jina la Junju. Watafiti wa KEMRI-Wellcome, walioko Kilifi tangu 1989, wamefuatilia watoto wa Junju kwa miaka mingi, kwa ziara za kila wiki: nani ana homa, nani ana vimelea, nani amepona. Homa ya mtoto wa Junju ina rekodi nyingi kuliko ya mtoto wa sehemu nyingi za Afrika. Lakini ukitaka kujua ni watu wangapi wa Junju wana kazi ya mkataba katika viwanda vilivyoko hapo, wangapi ni vibarua, wangapi walianza na kuachishwa, huna daftari la kufungua. Mahali ambapo damu ya watoto imehesabiwa kwa uangalifu huo, hatuwezi kusema kazi hazihesabiki. Hazijahesabiwa tu, na anayefaidika na kutohesabiwa anajulikana.

Kuandika kazi kwenyewe si uchawi. Mpango wa usimamizi wa mazingira na jamii, ambao ni sehemu ya ripoti ya tathmini, ukishaidhinishwa huwa sharti la leseni. Ahadi ya ajira ikiingizwa humo ikiwa na idadi ya kazi za mkataba, ngazi za ukaribu zilizochorwa kwenye ramani ya vijiji, nafasi za mafunzo zinazoanza kabla ya ujenzi ili fundi umeme wa Junju awe tayari mtambo ukiwashwa, na sharti kwamba kontrakta wa vibarua anabanwa na masharti yale yale ya mwenye kiwanda, haibaki tena kuwa hotuba. Ukaguzi wa kila mwaka utaiuliza. Mwakilishi wadi anaweza kuiulizia katika Bunge la Kaunti. Kampuni itakayosema haiwezi kuandika namba hiyo itakuwa imesema kitu cha kweli kuhusu namba iliyotaja mkutanini.

Vijana wengine wataona haya yote ni kucheleweshwa, na hawana ubaya wowote. Mwenye miaka 24 na mtoto mchanga hawezi kungoja mpango wa kurasa mia. Atabeba mfuko leo. Ndiyo maana masharti yadaiwe na wale wenye nafasi ya kungoja: walimu, wazee wa kaya, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani, wawakilishi wanaolipwa kwa kazi hiyo. Nao wana muda maalumu. Leseni ikishatolewa, sheria inampa asiyeridhika siku 60 za kukata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira, na siku hizo huanza kuhesabiwa Nairobi, mara nyingi kabla habari haijafika Junju.